Mbao za chombo hazikimbizwi: tulichokisahau kutoka kwa mafundi wa zamani wa pwani

Katika wiki chache zilizopita wavuvi watatu wameniuliza swali lile lile: "Bwana samaki, nataka kujenga mashua yangu hapa hapa nyumbani. Kwenye mbao nianzie wapi?" Ningeweza kujibu kwa mistari mitano tu. Lakini nimeona safari hii tupite njia ndefu kidogo, tuangalie historia ya mbao za vyombo katika pwani yetu, kwa sababu majibu mengi tunayoyatafuta leo wazee waliyajua zamani. Hatua za vitendo nimeziweka mwishoni. Nakuomba usiruke kwenda huko kabla hujajua sababu zake.

Kwanza nikiri kosa langu

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na kikundi cha vijana wanane waliopata mkopo wa kujenga mashua. Fedha ilitoka kwa masharti: chombo kiwe majini kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Fundi wetu, mzee wa makamo, alizigonga mbao zilizoletwa, akazinusa, akasema, "Hizi bado zina maji. Zikae." Mimi ndiye niliyemjibu kuwa hatuna muda wa kukaa. Nilikuwa na ripoti ya kuandika.

Mashua ikashuliwa, tukapiga picha. Masika ya kwanza ilivumilia. Ilipopandishwa ufukweni wakati wa jua kali ili ifanyiwe usafi, mbao zikaanza kuachana, na pamba ya kalafati ikawa inaning'inia nje. Tukakalafati upya, ikavuja tena. Kabla ya mwaka wa tatu, mbao za karibu na mkuku zilikuwa zinaingia kidole. Vijana wale walimaliza kulipa mkopo wa chombo kilichokuwa tayari kimegeuka kuni. Mmoja wao hanisalimii mpaka leo, na simlaumu.

Tangu hapo nilianza kuwauliza mafundi wazee maswali na kusoma kila nilichopata kuhusu vyombo vya zamani. Haya ndiyo niliyojifunza.

Vyombo vilivyoshonwa

Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, kinataja vyombo vya aina mbili katika pwani yetu: mitumbwi ya gogo moja na mashua za kushonwa. Hata jina la mji wa Rhapta, ambao kitabu hicho kinauweka katika pwani hii, linahusishwa na neno la Kigiriki la kushona. Miaka zaidi ya 1,400 baadaye, mwaka 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipofika Kisiwa cha Msumbiji, Wareno waliandika kwamba waliona vyombo vikubwa visivyo na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba na tanga lake limesukwa kwa majani ya mitende.

Huyo ni ndugu wa mtepe, ambao watu wa Lamu na visiwa vya Wabajuni waliendelea kuutumia hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao za mtepe zilitobolewa matundu kandokando, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa. Ukienda Kilwa Kisiwani, Songo Mnara au Gede, utakuta kwenye lipu ya kuta za kale michoro ya vyombo iliyokwaruzwa na watu wa wakati huo. Yaani chombo kilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku kiasi cha mtu kukichora ukutani.

Sasa fikiri kama fundi. Msumari unaweza kulazimisha mbao mbili zisizopendana zikae pamoja kwa muda. Kamba haiwezi. Ukishona mbao mbichi, zikikauka zitasinyaa, kamba italegea na chombo kizima kitayumba kama kikapu. Kwa hiyo mshonaji wa mtepe hakuwa na njia ya mkato: ubao wake ulipaswa kutulia kwanza, kisha ukalie mwenzake sawasawa. Mishono yenyewe iliharibika na ilibidi ibadilishwe mara kwa mara, lakini mbao zilifunguliwa na kushonwa tena. Kilichotupwa ni kamba, ubao ukabaki.

Msumari wa chuma ulipoenea, mafundi wa majahazi hawakuacha adabu hiyo. Walitoboa tundu kwanza kwa keke, wakauviringishia msumari nyuzi zilizolowekwa mafuta, ndipo wakaugongomea. Tundu lilizuia ubao kupasuka, na nyuzi zenye mafuta zilizuia maji kufuata msumari ndani. Leo nawaona vijana wakigongomea msumari moja kwa moja kwenye ubao mbichi, kisha wanashangaa ukipasuka.

Kila kiungo na mti wake

Jambo la pili ni kwamba wazee hawakuzungumza juu ya "mbao" tu. Walizungumza juu ya mkuku, mataruma, mlingoti na mbao za ubavuni, na kila kimoja kilikuwa na mti wake na namna yake ya kuandaliwa.

Kwa ngalawa na mitumbwi walitafuta mti mnene ulio mwepesi kuchonga: mwembe, msufi, mfenesi. Gogo lilichongwa likiwa bado bichi, maana bichi ni laini kwa tezo. Lilipunguzwa uzito pale pale lilipoangukia, kisha likaburutwa hadi kijijini likiwa na kuta nene. Huko likawekwa kivulini likauke taratibu kabla ya kumaliziwa. Ukiliacha juani siku mbili, linapasuka kichwani na kazi yote imekwenda.

Kwa mkuku na mbao za ubavuni walitaka mti mgumu wenye mafuta yake: mvule, mninga, na mbambakofi, ambao bara wanauita mkongo. Mninga ulipendwa na unapendwa bado kwa sababu husinyaa kidogo sana ukikauka na haupindi ovyo.

Mataruma, yaani mbavu za chombo, ni somo la peke yake. Fundi hakukata taruma kutoka kwenye ubao ulionyooka. Alizunguka msituni na mikokoni akitafuta tawi lililojipinda lenyewe kwa umbo alilolitaka. Mlilana, ule mkoko unaoota mbele kabisa kuelekea baharini, ulitumika sana kwa kazi hii. Sababu ni kwamba nyuzi za mti hufuata mpindo wa tawi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukichora mpindo juu ya ubao ulionyooka na kuukata kwa msumeno, unazikata nyuzi hizo katikati, na taruma litavunjika pale pale siku chombo kikipigwa na wimbi.

Meli za Sultani na meli ya Mfalme

Labda utasema hayo ni mambo ya vyombo vidogo. Basi tutazame vikubwa.

Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, alikuwa na misitu ya pwani yetu karibu naye. Hata hivyo, meli zake kubwa alizijenga Bombay, India. Meli ya kivita Liverpool ilijengwa huko mwaka 1826, na mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza, ikabadilishwa jina kuwa Imaum. Meli Sultana, iliyojengwa Bombay mwaka 1833, ndiyo iliyofika New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na bidhaa kama karafuu na pembe za ndovu.

Kwa nini Bombay? Kulikuwa na mafundi hodari, na kulikuwa na mtiki, ambao Kiswahili cha zamani kinauita msaji. Mtiki una mafuta ndani yake, hauozi upesi na husinyaa kidogo. Kwa karne nyingi mbao za mtiki kutoka pwani ya Malabar zilipelekwa Ghuba, ambako miti mikubwa haipo, na huko zikageuzwa majahazi yaliyokuja na kaskazi mpaka kwetu.

Waingereza nao walijifunza kwa uchungu. Wakati wa vita vyao na Napoleon walihitaji meli haraka, na mwaloni uliokauka vizuri ukawa haba. Mwaka 1810 waliishua meli Queen Charlotte, yenye mizinga zaidi ya 100, iliyojengwa kwa haraka kwa mbao zisizokauka vya kutosha. Mwaka uliofuata ilionekana imeota ukungu na kuoza vibaya, ikabidi ifumuliwe na kujengwa upya kwa gharama kubwa kabla haijapigana popote. Linganisha na Trincomalee, iliyojengwa Bombay kwa mtiki na kushuliwa mwaka 1817. Hiyo mpaka leo inaelea, ni makumbusho katika mji wa Hartlepool, Uingereza.

Niliposoma habari ya Queen Charlotte nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Taifa lenye jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani lilifanya kosa lile lile la mimi na vijana wangu wanane, na kwa sababu ile ile: tarehe.

Mikoko ya Rufiji na kikomo chake

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao afisa ugani hawezi kuunyamazia. Majahazi ya Ghuba yalipokuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mengi yalirudi na kusi yakiwa yamejaa boriti za mikoko. Ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na zilipangwa kwa unene: nguzo, boriti, mazio, pau, fito. Nyumba za Kuwait, Bahrain na Oman ziliezekwa juu ya mikoko yetu. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika katika delta ya Rufiji akiwa ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi lililokuja kupakia boriti, na safari hiyo akaiandikia kitabu.

Biashara hiyo ilidumu kwa sababu mikoko huota tena ikikatwa kwa kiasi. Lakini kiasi kilipitwa. Wajerumani walianza kuiweka mikoko ya Rufiji chini ya hifadhi mwaka 1898. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Kwetu Tanzania, mikoko yote ni msitu wa hifadhi, na uvunaji wa miti ya asili unaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa hiyo fundi wa leo haingii mikokoni na panga kutafuta taruma kama babu yake. Anapitia ofisini kwanza.

Najua wengine mtakasirika. Lakini tuseme ukweli: mbambakofi na mvule mnene haupatikani kirahisi tena karibu na pwani. Kama mti wenyewe ni adimu na ghali hivi, kuuharibu kwa haraka ni hasara mara mbili. Zamani fundi aliyekosea ubao aliweza kurudi msituni. Wewe hutarudi.

Nini kimebadilika?

Zamani kupasua gogo ilikuwa kazi ya siku nyingi. Watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni, walivuta msumeno tangu asubuhi. Ubao wa kwanza ulianza kukauka wakati wa mwisho haujapasuliwa. Tena fundi alijenga kwa awamu, kadiri mwenye chombo alivyopata fedha: mkuku mwaka huu, mataruma baada ya msimu wa dagaa, mbao za ubavuni mwakani. Umaskini wa mwenye chombo ulizipa mbao muda wa kukauka, bila mtu kukusudia.

Leo msumeno wa mnyororo unamaliza gogo mchana mmoja. Mkopo unakuja wote kwa mkupuo na riba inaanza kuhesabu. Ule muda wa kungoja ambao zamani ulipatikana bure, sasa ni lazima tuupange wenyewe. Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka ulichukue katika makala haya.

Kwa nini ubao mbichi unaangusha chombo

Ubao ukikauka husinyaa zaidi kwa upana, na karibu hausinyai kabisa kwa urefu. Chukua ubao wenye upana wa sentimita 25. Ukisinyaa kwa asilimia 4 tu, umepoteza sentimita 1. Kama ubavu mmoja una mbao kumi, zinakosekana sentimita 10. Hakuna kalafati ya kuziba hapo.

Pili, ukungu unaoozesha mbao unahitaji unyevu. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 humpa ukungu shida kuishi. Ubao mbichi uliopakwa rangi nje unafungia maji ndani, na unaoza huku unang'aa.

Lakini usikaushe kupita kiasi pia. Kwa hewa yetu ya pwani ubao uliokaa kivulini utatulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 15, na hapo ndipo panapofaa. Ukiingia majini utavimba kidogo, na mbao zitabanana zenyewe. Wazee walikitegemea kivimbe hicho.

Hatua za kufuata nyumbani

1. Anza na kibali na mbao halali. Dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kama mti wa asili umekushinda bei, ulizia mtiki wa mashamba ya serikali kama Longuza au Mtibwa. Chagua ubao wa kiini, maana sehemu nyeupe ya nje ya mti wowote huoza na kuliwa mapema.

2. Paka vichwa vya mbao siku ile ile. Maji hutoka haraka zaidi vichwani, na ndipo mipasuko inapoanzia. Rangi ya mafuta iliyobaki au lami inatosha.

3. Panga kivulini penye upepo. Banda la makuti lisilo na kuta ndilo bora. Inua rundo nusu mita kutoka ardhini. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2.5, kila baada ya nusu mita, vikiwa vimenyooka juu ya vingine kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikaa upande, ubao utajipinda hapo. Weka mawe juu ya rundo.

4. Pima, usikisie. Kata kipande kidogo katikati ya ubao mmoja, kipake vichwa vyote viwili, kiandike namba na kukiweka ndani ya rundo. Kipime kwenye mzani wa duka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, mbao zimetulia. Kwa ubao wa sentimita 2.5 tegemea miezi mitatu hadi sita. Ubao mnene zaidi unahitaji muda zaidi.

5. Mataruma na mkuku viandaliwe mapema. Tawi la taruma lichongwe kwa ukubwa uliozidi kidogo likiwa bichi, kisha likae kivulini. Mkuku ni mnene na hautakauka wote ndani. Upake mafuta, ufunike, na usiuache juani.

6. Linda kilichokauka. Chini ya maji adui wako ni yule mnyoo anayetoboa mbao, ambaye kwa kweli ni ndugu wa chaza. Wazee walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, chini ya mstari wa maji, na sifa, mafuta ya papa, juu yake. Walipandisha chombo nchi kavu na kurudia kazi hiyo kila mara. Rangi za kisasa za chini ya maji zinafanya kazi hiyo, lakini hazifuti haja ya kupandisha chombo na kukikagua.

7. Ukikopa, kopa kwa awamu. Omba fedha ya mbao kwanza, na ya ujenzi miezi sita baadaye. Mwonyeshe mkopeshaji daftari lako la kupima uzito. Nimejaribu njia hii na vikundi viwili. Mkopeshaji mmoja alikataa, mwingine alikubali.

Swali moja huwa halikosekani: je, mti ukatwe mwezi ukiwa giza? Wazee wengi niliozungumza nao wanasema ndiyo, na sibishani nao. Mimi nasema kata kiangazi, pasua upesi, panga vizuri. Ukifanya hayo, mwezi hautakudhuru.

Kwa kumalizia

Yule fundi aliyesema "zikae" bado yupo, ingawa macho yake yamepungua nguvu. Mwaka jana nilimpeleka kuona mbao za kikundi kipya, zikiwa zimepangwa chini ya banda la makuti kwa mwezi wa tano. Aligonga moja kwa ukucha, akasikiliza, akagonga ya pili. Nikamuuliza, "Vipi mzee?" Akasema, "Mwezi mmoja tena." Vijana walinitazama mimi, wakisubiri niseme. Safari hii nikasema zikae.

Kama una rundo la mbao nyumbani na hujui limefikia wapi, niandikie uzito wa kipande chako wa wiki tatu za mwisho, aina ya mti na unene wa ubao. Tutahesabu pamoja. Kazi njema, na bahari njema.